Kodi inamkamata ule anayeonekana

Jambo yenu wote. Ba mama, ba tata, na nyinyi vijana wa université yetu, UNILU, mliosimama kule nyuma, sogeeni, huku mbele kuko viti. Asanti kwa kuniita. Mliniomba niongee juu ya wale wanaoficha falanga ku inje ya nchi na namna watu wa kodi wa nchi zingine wanawafata mpaka wanawapata, na nimekubali haraka sana manake hii mambo inaniuma, nimefanya komptabli mu hii mji ya Lubumbashi tangu ujana na nimeangalia kodi inapita wapi na inaruka wapi.

Nianze na sisi wenyewe. Mama anayeuza ndakala na mboga ku soko ya Kenya hapa Lubumbashi, kabla hajauza hata fungu moja mtu wa takse amesha kufika. Mwalimu, muguzi, ajenti wa kampuni, kodi yao inakatwa ku mshahara kabla falanga haijafika mkononi. Mwenye nyumba akipangisha kampuni, kampuni inamkatia sehemu ya Leta, yani serikali, moja kwa moja njo inamlipa yenye kubakia. Na sisi wote tukinunua sabuni, tukinunua unite za simu, TVA, kodi ya vitu tunavyonunua, ya 16 kwa mia, iko ndani ya bei hata kama hatuioni. Sasa hawa wote wanafanana nini? Si utajiri, wengi hapo hawana kitu. Wanafanana paka jambo moja, wanaonekana. Mama ako na meza ku barabara, mwalimu ako na jina ku listi ya mshahara, nyumba haikimbii. Kodi inamkamata ule anayeonekana, na yote nitasema leo iko hapo ndani: kazi ya kukamata wanaoficha ni kazi ya kuwafanya waonekane, hakuna siri ingine.

Sasa asiyeonekana anafanya je? Tuseme mtu amepata soko kubwa la kupeleka vifaa ku mgodi, dola milioni moja. Anaambia mwenye kumlipa, nusu nitumie hapa ku konti yangu ya Lubumbashi, nusu tuma ku konti ya kampuni fulani. Hiyo kampuni iko na jina zuri, imeandikishwa ku visiwa vya British Virgin Islands, na ukitafuta mkubwa wake unapata jina la karani mmoja mwenye kusaini kwa kampuni mamia asizozijua. Konti ya kampuni nayo haiko ku kile kisiwa, iko ku nchi ya tatu. Ajenti wa DGI, ofisi ya kodi ya Leta yetu, akija hapa kufanya kontrole anaona ile nusu ya kwanza, vitabu viko safi, fakture ziko, kila kitu kimepangwa. Hajadanganywa ku hesabu anayoiona, amedanganywa ku ile asiyoiona.

Niseme hii wazi ili mtu asitoke hapa na woga wa bure: kuwa na konti ku inje si kosa. Kuko mzazi mwenye mtoto anasoma ku Johannesburg, kuko mfanyabiashara ananunua bidhaa ku Dubai ama ku Guangzhou, wanahitaji konti. Kosa ni kuficha mapato ambayo sheria inasema uyaonyeshe. Hiyo tofauti tuishike mpaka mwisho.

Sasa wale waliofaulu kukamata, walifanya je? Nitakaa kidogo ku Uswisi, manake kule njo siri ya banki ilikuwa imejengwa ngumu kuliko popote. Banki kubwa ya UBS ilikuwa inatuma watu wake ku Marekani kutafuta matajiri, kuwaambia leteni falanga kwetu, Leta yenu haitajua. Mmoja wa hao watumishi, Bradley Birkenfeld, alikubali mwenyewe kwamba alimbebea mteja almasi ndani ya tyubu ya dawa ya meno kuvuka mpaka. Almasi ndani ya dawa ya meno! Sisi wa nchi ya almasi tunaelewa hiyo. Huyu Birkenfeld baadaye akaenda kusema kila kitu kwa serikali ya Marekani. Mwaka 2008 watu wa kodi wa Marekani, IRS, wakaenda ku korti ya Miami wakaomba ruhusa ya kudai majina ya wateja ambao hata wao hawakuwajua, yani hawakusema tupe konti ya fulani, walisema tupe konti za Wamarekani wote ambao mliwafichia. Korti ikakubali. Februari 2009 UBS ikakubali kulipa dola milioni 780, na Agosti ya mwaka ule ule Uswisi ikakubali kutoa habari za konti karibu 4,450.

Kutoka hapo ukuta ukaanza kuanguka. Wegelin, banki iliyoanzishwa mwaka 1741, ikakubali kosa mbele ya korti ya Marekani Januari 2013 na ikafunga milango. Credit Suisse ikakubali kosa mwaka 2014 na kulipa dola bilioni 2.6. Lakini sikieni hii, manake kwangu mimi njo ya maana kuliko zile amande zote: IRS ilifungua mlango kwa watu wajitokeze wenyewe, walipe kodi ya nyuma na amande, wasipelekwe jela. Ule mpango ulianza 2009 ukafungwa Septemba 2018, na watu zaidi ya 56,000 waliingia, wakalipa jumla ya dola bilioni 11.1. Watu 56,000! Hakuna polisi anaweza kufunga watu 56,000. Walikuja kwa miguu yao kwa sababu kila mmoja alikuwa analala akijiuliza kama jina lake liko ku ile listi.

Na Birkenfeld mwenyewe? Alifungwa, alihukumiwa miezi 40, manake naye alisaidia kuficha. Lakini alipotoka, mwaka 2012, IRS ilimlipa dola milioni 104 kwa sababu ya habari alizoleta. Muweke hiyo namba ku kichwa, tutarudia.

Ku Ufaransa kuko hadithi ya Jérôme Cahuzac, na ninapenda sana kuiongelea mbele ya watu wa siasa. Alikuwa waziri wa bajeti, yeye njo alikuwa na kazi ya kupigana na wanaokwepa kodi. Desemba 2012 waandishi wa gazeti la Mediapart wakaandika kwamba ako na konti ya siri ku Uswisi. Akasimama mbele ya wabunge akaapa kwamba hajakuwa nayo hata siku moja. Machi 2013 akaacha kazi, Aprili akakubali: ni kweli, kuko karibu euro 600,000. Mwaka 2018 korti ya rufaa ikampa miaka minne, miwili ya hiyo ya kusimamishwa. Lakini Ufaransa haikuishia ku kumtukana mtu mmoja. Mwaka ule ule wa 2013 waliunda ofisi ya waendesha mashtaka ya mambo makubwa ya falanga tu, na waliunda chombo cha kuangalia mali za wakubwa. Kashfa ilizaa ofisi. Kwetu kashfa inazaa kelele ya wiki mbili ku redio trottoir, kisha tunangoja ingine.

Najua hapa wengi ni wa Mazembe, basi niwape ya mpira. Uli Hoeness, mkubwa wa Bayern München, alikuwa na konti ku Uswisi ya kuchezea ku soko la pesa. Alijipeleka mwenyewe ku watu wa kodi, lakini karatasi alizopeleka hazikutimia, na mwaka 2014 korti ikaona kodi ambayo hakulipa ni euro milioni 28.5, wakamfunga miaka mitatu na nusu. Messi na baba yake walihukumiwa mwaka 2016 ku Barcelona juu ya falanga za sura yake, za matangazo, zilizopitishwa ku kampuni za Belize na Uruguay. Ronaldo naye alikubali kosa ku Madrid mwaka 2019 na malipo ya karibu euro milioni 19. Hawa ni watu wanaopendwa na nchi nzima, na bado mtu wa kodi aligonga mlango wao. Hiyo ya Hoeness ina somo lake kwa wenye kujitangaza: ukijitangaza nusu, umejishitaki mzima.

Sasa mtasema, hizo zote zilitegemea mtu mmoja wa ndani kuvujisha. Ni kweli. Hata Wajerumani mwaka 2008 walinunua diski ya majina ya banki ya Liechtenstein kutoka kwa mtu aliyefanya kazi mule ndani, na mkubwa wa posta ya Ujerumani akakamatwa kwa sababu ya ile diski. Hata Panama Papers ya Aprili 2016, dokima milioni 11.5 za ofisi moja ya mawakili ku Panama, kampuni zaidi ya 214,000, ilitoka kwa mtu ambaye mpaka leo hatujui jina lake. Lakini nchi ziliona kwamba haziwezi kuishi kwa kungoja mwizi wa karatasi. Marekani mwaka 2010 ikapitisha sheria ya FATCA: kila banki ya dunia itaje wateja wake Wamarekani, ikikataa inakatwa 30 kwa mia ku falanga zinazotoka Marekani. Njo maana hata hapa Kongo, ukienda kufungua konti wanakupa fomu inauliza kama wewe ni Mmarekani. Kisha nchi zingine, kupitia OECD, shirika la nchi tajiri, zikapatana mwaka 2014 kwamba kila mwaka zitapeana habari za konti bila mtu kuomba: jina, namba, kiasi kilichomo, faida iliyoingia. Kubadilishana kulianza Septemba 2017. Mwaka 2022 zilipeana habari za konti zaidi ya milioni 123, zenye karibu euro trilioni 12 ndani. Marekani yenyewe haikuingia ku hiyo mpango, inapokea kupitia sheria yake na kutoa inatoa kidogo, na hilo ni kosa kubwa ambalo hatuwezi kulinyamazia kwa sababu falanga ya Afrika nayo inajificha kule, ku jimbo la Delaware.

Afrika ya Kusini iliingia tangu 2017, na kabla ya kuingia ilifungua mlango wa miezi 11 kwa raia wake wenye mali ku inje wajitangaze. Kisiwa cha Morisi kiliingia 2018. Nigeria na Ghana wako ndani. Kenya ilianza 2024. Sisi? Mpaka huo mwaka 2024 Kongo haikuwa mu listi ya wanaopokea. Yani siri ya banki imekufa kwa Mfaransa, imekufa kwa Mjerumani, imekufa kwa mtu wa Johannesburg, lakini kwa Mkongomani mwenye dola zake ku Genève ile siri bado iko nzima kabisa. Banki ya kule inajua jina lake, paka Leta yetu njo haijui, kwa sababu anayetaka kupokea lazima awe na sheria, awe na mashine za kulinda habari zisivuje, na akubali kutoa naye. Ni kazi. Lakini nchi maskini kuliko sisi kwa mali ya chini ya udongo zimeifanya.

Na sisi hatuongelei vitu vidogo. Sisi watu wa Katanga, shaba na kobalti vinatoka chini ya miguu yetu, zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inatoka Kongo, malori yanapanga msululu mpaka Kasumbalesa usiku na mchana. Mwaka 2013 jopo la Kofi Annan, Africa Progress Panel, lilichunguza mauzo matano ya mali ya migodi yetu kati ya 2010 na 2012, mengi yakipitia kampuni zilizoandikishwa ku British Virgin Islands, wakaona nchi ilipoteza dola bilioni 1.36, karibu mara mbili ya bajeti ya afya na ya masomo ya mwaka 2012 ukizijumlisha. Desemba 2022 Glencore, kampuni kubwa ya migodi, ilikubali kulipa Kongo dola milioni 180 juu ya mambo ya rushwa ya 2007 mpaka 2018. Hiyo iliwezekana kwa sababu gani? Kwa sababu Mei ya mwaka ule ule kampuni zake zilikubali makosa ku Marekani na Uingereza, karatasi zilikuwa zimesha kuonekana. Tulipata sehemu yetu nyuma ya wengine waliotangulia kufungua sanduku.

Sasa turudi ku ile namba, milioni 104. Marekani ilimlipa mtu wa ndani. Sisi watu wetu wa ndani tuliwafanyia je? Jean-Jacques Lumumba aliona mambo ndani ya banki aliyofanyia kazi ku Kinshasa, mwaka 2016 ikabidi akimbie nchi na karatasi zake. Gradi Koko na Navy Malela, vijana wawili wa banki, walipeleka inje dokima za kuonyesha namna falanga zilikuwa zinapitishwa, na Septemba 2020 korti ya Kinshasa ikawahukumu kifo wakiwa hawako. Kifo. Kwa karatasi. Mimi nikisikia wakubwa wanasema tunapigana na wanaoficha mali, ninauliza swali moja tu: huyo karani mdogo wa banki ya Lubumbashi ambaye kesho ataona jambo, atampelekea nani, na atalala wapi usiku ule? Kama hamna jibu, basi hamjaanza hata kupigana. Tunahitaji sheria ya kumlinda anayetoa siri ya wizi, na tunaihitaji kabla ya kununua kompyuta hata moja.

Na kuko jambo lingine tunalo tayari mkononi. Kifungu cha 99 cha Katiba yetu kinasema Rais na mawaziri, kabla ya kuanza kazi na wakimaliza, waandike mali yote ya familia yao, hisa, konti, nyumba, shamba, waipeleke ku Korti ya Katiba, na asiyepeleka ndani ya siku 30 anahesabiwa ameacha kazi. Na kinaendelea kusema Korti ipeleke ile karatasi ku watu wa kodi. Mnasikia? Katiba yenyewe inaagiza DGI ipewe listi ya mali ya mawaziri, konti na yote. Hatuhitaji kungoja OECD kwa hiyo. Ninyi vijana wa droit, hiyo kifungu muisome leo usiku, na mbunge wenu akirudi kutafuta kura mumuulize karatasi ngapi zilifika DGI na DGI ilifanya nazo kitu gani.

Nimalizie na ninyi wenye watoto na ndugu ku inje, manake najua mu hii sale kuko wengi, na hapa mambo yanageuka. Kwa mtoto wako aliye na green card, ile karatasi ya kukaa Marekani daima, ku Texas ama ku Ohio, Lubumbashi njo inje. Ile palseli ya Bel-Air aliyojenga kwa jasho na anapangisha watu, yale mapato ya kila mwezi IRS inasema ayaonyeshe, kwa sababu Marekani inakata kodi ku mapato yako ya dunia yote. Kodi aliyolipa hapa anaweza kuipunguza ku ile ya kule, basi achunge karatasi za malipo. Na konti zake za inje ya Marekani, zikifika jumla ya zaidi ya dola 10,000 hata siku moja mu mwaka, lazima ajaze fomu inaitwa FBAR, hata kama hana kodi ya kulipa. Mwaka 2023 Korti Kuu ya Marekani iliamua kesi ya mtu anaitwa Bittner, mzaliwa wa Romania, hakujaza ile fomu miaka mitano, hakukusudia kuficha, serikali ilikuwa inataka dola milioni 2.72 kwa kuhesabu kila konti, korti ikasema hesabuni kila mwaka, ikashuka mpaka 50,000. Ni kidogo kuliko milioni mbili, lakini elfu hamsini kwa fomu tu! Aliye Ubelgiji naye, nyumba ya hapa na konti ya hapa lazima aziandike ku diklarasio yake ya kule.

Wengi wao hawajui, nimekutana nao wakija ku likizo, ni watu wa kazi, wanaosha wazee, wanaendesha malori, hawajaficha kitu. Ule mpango mkubwa wa kujitangaza wa Marekani ulifungwa 2018, lakini kuko mwingine mdogo kwa asiyekusudia: anarudisha diklarasio za miaka mitatu na FBAR za miaka sita, anaeleza kwa maandishi juu ya nini hakufanya. Unakubaliwa kama wewe njo umekwenda kwanza. Barua ya IRS ikikufikia mbele, ule mlango umefungwa. Kwa hiyo pigeni simu leo, msingoje Krismasi, waambieni watafute mtu wa kodi wa kule mwenye kujua hizi fomu, na nyinyi huku muanze kukusanya kontra za kupangisha, karatasi za banki, na risiti za kodi ya nyumba za hiyo miaka sita.

Nitabakia hapa, wenye maswali njooni, na wenye barua zimesha kufika msione haya, leteni tuzisome pamoja.